Tusihifadhi chuma tukamwacha mhunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi wa Gerezani, mwaka wa 31 huu nafua majembe, mapanga na patasi kwa springi za magari chakavu. Mpwa wangu anasoma Okayama, Japani, na juzi alinitumia picha za ngome ya huko. Ni nyeusi tii, wenyewe huiita Ngome ya Kunguru. Mtawala wa huko, Ukita Hideie, aliimaliza mwaka 1597, mabomu ya Marekani yakaiteketeza Juni 1945, na mnara wanaoupanda wageni leo ni wa zege, umejengwa upya mwaka 1966.

Ngome ni nzuri, lakini kilichoninyima usingizi ni Osafune, jirani na hapo, ambako panga za samurai zimefuliwa kwa mamia ya miaka. Mwaka 2020 mji wa Setouchi, ilimo Osafune, ulinunua upanga mmoja tu, Sanchomo, kwa yeni milioni 500 zilizochangwa na watu, ili urudi kwao. Ulifuliwa enzi za Kamakura, miaka kama mia saba na zaidi iliyopita, na ukawahi kuwa wa Uesugi Kenshin, mbabe wa vita wa Japani ya kale. Na pembeni ya makumbusho ya panga kuna karakana: mhunzi anafua, mwingine ananoa, mwingine anachonga ala, watu wanatazama. Anayetaka leseni ya uhunzi huo hukaa chini ya fundi miaka mitano kwanza.

Mpwa wangu akanitumia na video. Mhunzi amepaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, akautia moto mpaka ukaiva, kisha akauzamisha majini. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini, upanga haukatiki kama kioo. Nilisimama pale kibandani na koleo mkononi. Mimi nikitia panga maji, nazamisha makali tu, mgongo nauacha nje upoe taratibu. Babu ndiye aliyenifundisha, naye hakuwahi kumwona Mjapani.

Chuma cha panga zile hutokana na mchanga wa chuma, unaochomwa kwa mkaa katika tanuri la udongo siku tatu usiku na mchana. Sisi Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, kule Upare, wazee wetu walichekecha mchanga huohuo mitoni, wakauyeyusha, wakafua majembe na mikuki, na Wachaga wakaja kununua. Tanuri la mwisho sikuliona. Nilichokikuta ni mvukuto wa babu.

Mwaka juzi niliubeba mvukuto huo mpaka ofisi moja hapa mjini, nikitaka uhifadhiwe na mimi nionyeshe unavyotumika. Nikaambiwa niache namba ya simu. Sijapigiwa.

Ombi langu kwa wanaosimamia makumbusho zetu ni hili: msichukue chuma mkamwacha anayejua kukifua. Jembe la Kipare ndani ya kabati la kioo halimwambii mtoto wa Temeke kitu. Akisikia nyundo, akaona cheche, akavuta mvukuto kwa mikono yake, atauliza maswali mpaka jioni. Wanangu wawili waliuliza hivyo, na mmoja sasa anafua pamoja nami.

Ngozi ya mbuzi ya ule mvukuto imekauka, lakini nyingine naivika kwa siku moja. Nitakuja nao Jumamosi yoyote mtakayotaja, na mkaa nitabeba mwenyewe.

Mhunzi wa Gerezani,
Dar es Salaam