Wanangu wa uzamivu, mtoto huyo mlimsikia akisoma lini?

Wanangu mnaosomea uzamivu (shahada ya udaktari, PhD) wa elimu ya lugha hapa Nairobi,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila nina kinyongo, na kinyongo cha mzee kikikaa sana hugeuka ugonjwa. Acheni nikitoe.

Mwezi uliopita nilialikwa kuketi nyuma nikisikiliza kijana akitetea tasnifu. Chuo sikitaji. Mada ilikuwa usomaji wa Kiswahili katika Gredi ya Tatu, shule tatu za Eastlands. Suti imenyooka, majedwali tele. Mtahini wa nje, mama mmoja asiyepandisha sauti, akamuuliza: "Hao watoto walikuwa wakikwama wapi?" Kijana akafungua jedwali. "Hapana, baba, jedwali liache. Nieleze mtoto mmoja tu." Kimya. Akamtazama msimamizi wake, msimamizi akatazama simu. Kumbe watoto walisikilizwa na vibarua wawili wa kulipwa kwa siku, na yeye mwenyewe shule aliishia langoni siku ya kupeleka barua.

Niliona haya kana kwamba ni mimi niliyesimama pale mbele.

Masharti ya shahada hii hayajafichwa. Uwe na uzamili. Ukae miaka isiyopungua mitatu. Pendekezo ulitetee idarani, kisha kitivoni. Cheti cha kamati ya maadili, kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), barua ya ofisi ya elimu, ridhaa ya mzazi. Makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu (si yale yanayotaka dola kwanza na kukuchapisha baada ya siku nne). Tasnifu ikaguliwe wizi wa kitaaluma, isomwe na watahini wa ndani na wa nje, uitetee. Yote yamo katika mwongozo wa chuo chako. Usome. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Lisiloandikwa ndilo linaloninyima usingizi: ukae na mtoto anaposoma.

Nilipokuwa nikikusanya data yangu katika shule moja ya Kawangware, aliletwa msichana wa miaka tisa. Akasoma ukurasa mzima bila kukwaa, kidole kikifuata mstari. Nikampa alama zote. Mwalimu wake, akipita na chaki mkononi, akaninong'oneza: "Mfunikie kitabu." Nikaweka kiganja juu ya ukurasa. Mtoto akaendelea kusoma hadi nukta ya mwisho! Alikuwa amekariri kwa kuwasikia wenzake. Nikamwandikia neno "kuni" peke yake kwenye karatasi. Akaliangalia, akatabasamu, akasema, "Mama?"

Fomu 41 nilizokuwa nimejaza nikaziweka kando, nikaanza upya na maneno niliyoyachanganya mwenyewe. Ilinila muhula mzima, na msimamizi wangu alininunia. Lakini mkiniuliza leo watoto wale walikwama wapi, nitawaambia bila kufungua karatasi: kwenye "ng'" na "ny", na kwenye kila neno refu kupita kidole chao.

Sasa nasikia mjini kuna mtu wa sura ya nne, ile sura ya tasnifu inayochambua data. Unamtumia M-Pesa, anakuandikia. Hebu nielewesheni: wewe utakayevishwa kofia kwa kuchunguza namna mtu anavyojifunza kusoma na kuandika, unamlipa mtu akuandikie?

Si ninyi peke yenu. Wasimamizi wenzangu, sura ya mwanafunzi inakaa mezani kwako miezi minane kwani inachacha ili iwe togwa? Na sisi wananchi tumeifanya "Daktari" kuwa pambo la mabango ya uchaguzi na kadi za harusi, halafu tunashangaa watu wakiitafuta kwa njia ya mkato.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu kazi ipo. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 tunaambiwa mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Haya, mtaa wa Huruma hapa Nairobi lugha yake ni ipi? Nyumbani kuna "mathe" na "buda", kitabuni kuna mama na baba, na mtihani nao una Kiingereza chake. Nani amekaa sakafuni na mtoto huyo akaandika anavyovuka kutoka moja hadi nyingine? Mngetufaa sana hapo.

Najua mnafundisha mchana, mnaandika usiku baada ya foleni ya Thika Road, na karo inagombania mfuko mmoja na kodi ya nyumba. Kwa kuchelewa sitamlaumu mtu. Mimi nilichelewa miaka miwili na kofia ilinitosha vilevile.

Jumatatu shule iliyo karibu na kwangu inafunguliwa, na mwalimu mkuu amekwisha kunikubalia kuketi na Gredi ya Tatu. Anayetaka kuandamana nami anikute langoni saa mbili kasorobo. Aje na penseli na karatasi tupu, kompyuta aiache nyumbani.