Saa 72 za mwanzo: barua kwa Mwalimu Rehema

Mbale

Mwalimu Rehema,

Salaam aleikum, ndugu yangu. Huku hatujambo, wazee wanakusalimia, na mama bado anauliza lini utapita.

Nimefurahi kusikia shule imekukabidhi kazi ya mwalimu mlezi wa wasichana, na nimeelewa pia kwa nini unaiogopa. Umeuliza ufanye nini mtoto akija kwako akasema kuna mtu mzima anamfanyia mambo. Nitakuandikia kama mambo yanavyokwenda Uganda hii, pamoja na pale yanapokwama, maana kwenye semina hutaambiwa yanapokwama.

Kwanza kabisa, akianza kusema, mwache aseme. Usimwulize, “Ni baba yako wa kambo, sivyo?” Swali kama hilo limebeba jibu lake, na siku ya kesi wakili wa mshtakiwa atasema jina lilitoka kinywani mwa mwalimu. Uliza tu, “Ikawaje?” au “Halafu?” Ukishajua ni nani, lini, wapi, na kama usiku wa leo atalala nyumba moja na mtu huyo, hapo umetosheka. Mtoto akisimulishwa na mwalimu, kisha na mwalimu mkuu, kisha na shangazi, kisha na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kila mara maneno yanageuka kidogo, na mgeuko huo ndio unaoitwa uongo mbele ya hakimu. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa lugha yake. Kama ni Lusamia, andika Lusamia. Weka tarehe na saa, tia sahihi, funga kabatini. Akikuomba usimwambie mtu yeyote, usimwahidi. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na mtajie ni akina nani.

Sasa saa inahesabu. Kama ameingiliwa ndani ya siku tatu zilizopita, nenda naye hospitali kabla ya kwenda popote. Watu wengi wanaamini huwezi kutibiwa bila fomu ya polisi, na imani hiyo imewapotezea watoto dawa. Fomu ni kwa ajili ya kesi. Matibabu hayaingoji, na muuguzi akikurudisha polisi kwanza, omba kwa upole kuonana na msimamizi wa zamu. Dawa za kuzuia VVU, zile wanazoziita PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza saa ya pili zinafanya kazi vizuri kuliko za saa ya sabini. Zinamezwa siku 28 mfululizo, na mtoto hupewa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo hakikisha amepandishwa kwenye mzani. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, au anayekaribia, kuna dawa ya dharura ya kuzuia mimba: miligramu 1.5 za levonojestreli kwa mara moja, mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 120. Akitapika kabla ya saa mbili kupita, apewe tena. Ulizia pia dawa za magonjwa ya zinaa, sindano ya pepopunda na chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Kwenu Busia una kituo cha afya cha daraja la nne pale mjini, na hospitali ya Masafu. Piga simu kabla ya kupanda boda, uulize kama PEP ya watoto ipo, kwa sababu ya watu wazima mara nyingi ipo na ya watoto imeisha. Kama saa 72 zimepita, nenda hivyo hivyo. Kipimo cha VVU, cha mimba na matibabu mengine bado vina maana, na kesi ya kumnajisi mtoto haifi kwa sababu siku zimepita.

Kuhusu ushahidi wa mwilini: asioge, asijisafishe, na kama ni kinywani asisukutue mpaka apimwe. Lakini wengi watakuja kwako wameshaoga, wengine wameogeshwa na mama yao kwa huruma. Usimlaumu mtu, nenda naye. Nguo alizovaa, hasa chupi, zisifuliwe. Kila nguo iwe peke yake kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Nimekutajia karatasi kwa makusudi, kwa kuwa mkono wa kila mtu hukimbilia kaveera, mfuko wa plastiki, na ndani ya kaveera unyevu haukauki, nguo inaota ukungu na kile ambacho maabara ya serikali ya Wandegeya ingekisoma kinaharibika. Kama nguo ni mbichi, ianikwe kivulini kwanza, isianikwe juani. Kisha nguo zikabidhiwe kwa polisi mmoja, aandike kwamba amezipokea.

Polisi, usiishie kaunta. Uliza dawati la Ulinzi wa Mtoto na Familia; vituo vikubwa vyote vinalo. Ni haki kuomba askari wa kike kama mtoto ni msichana, ingawa nitakuambia ukweli, nimeona askari wa kiume wenye subira kuliko wanawake wawili walio karibu nao. Mtakapoandikisha taarifa mtapewa namba ya kitabu cha kituo, ile ya SD, na jalada likifunguliwa litapata namba ya CRB, yaani ya kesi ya jinai. Usitoke bila namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Mzazi anayerudi wiki ijayo akisema “nilikuja juzi kuhusu binti yangu” anazungushwa. Anayetaja CRB anatafutiwa jalada lake.

Fomu ya polisi unayoitaka ni PF3A, ile ya aliyedhulumiwa kingono. PF3 ya kawaida ni ya majeraha, na wakikupa hiyo kwa haraka kesi inakuwa na pengo. Kama mtoto amepigwa tu au amechomwa moto, hapo PF3 ndiyo yenyewe. Fomu ni bure. Ikisemekana zimeisha, omba moja ikatolewe kopi. Si lazima ijazwe na daktari mkubwa. Klinikoofisa, yaani tabibu, na mkunga waliosajiliwa nao hujaza. Kabla hamjaondoka hospitali, kagua vitu vitatu: jina la aliyejaza linasomeka, kuna sahihi, kuna muhuri. Nimetaja jina kwa sababu huyo ndiye atakayeitwa mahakamani miaka miwili baadaye, na kama ni mchoro usiosomeka na yeye amehamishiwa Karamoja, nani atamtafuta? Toa kopi mbili, moja ikae kwako. Mtuhumiwa naye hupimwa kwa fomu ya PF24, ikiwemo hali yake ya VVU, na hilo lina uzito nitakaoueleza sasa hivi.

Familia ikisikia “daktari hakuona kidonda” hukata tamaa. Waeleze kwamba watoto wengi waliodhulumiwa hawana jeraha lolote linaloonekana, hasa siku kadhaa zikipita, na sheria inatosheka na kuingiliwa hata kidogo sana.

Sheria yenyewe iko hivi. Mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, na kukubali kwake hakuhesabiki, hata akisema huyo ni mpenzi wake. Tangu marekebisho ya Sheria ya Adhabu ya mwaka 2007, wavulana nao wamo, na usiwasahau, maana wao hawaji mlangoni. Huwajua kwa kukojoa kitandani ghafla, kutoroka shule, au kukataa kabisa kwenda nyumba fulani. Kosa linakuwa zito zaidi mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mwenye ulemavu, au mkosaji akiwa na VVU, au akiwa mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu yake. Mwalimu ni mwenye mamlaka. Hilo zito husikilizwa Mahakama Kuu na adhabu yake ya juu ni kifo. Lile la kawaida ni kifungo cha maisha. Ndiyo maana umri lazima uthibitishwe kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo, rejista yako ya shule. Kesi nyingi huyumba hapo tu, kwa mama aliyesema “kumi na tatu, au kumi na nne, sikumbuki.” Kadi ya chanjo itafutwe siku ile ile.

Na wewe si mtazamaji. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanawabana mwalimu, mhudumu wa afya, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na kiongozi wa LC: ukiwa na sababu ya kuamini mtoto anadhulumiwa, utoe taarifa. Sababu ya kuamini inatosha, upelelezi waachie polisi. Mwalimu mkuu akisema tulinde jina la shule, mjibu kwa heshima kwamba ruhusa yake haihitajiki.

Ukihofia kwenda polisi moja kwa moja, labda kwa kuwa mtuhumiwa ana jamaa kituoni, piga 116. Hiyo ni Sauti, simu ya watoto iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Haikati salio, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na si lazima utaje jina lako. Taja kijiji, parokia (ile ya serikali, si ya kanisa) na sabukaunti, kwa sababu wao huirudisha kesi wilayani, na bila mahali hairudi kokote. Omba namba ya kesi hapa pia. Jambo moja la mpakani ambalo wa Kampala hawalifikirii: Kenya nao simu ya watoto ni 116. Ukiwa Busia na laini ya Kenya, utaupata upande wa Kenya, wakusikilize vizuri kabisa halafu wasiwe na mtu wa kumtuma Masafu. Tumia laini ya Uganda. Kwa hatari ya papo hapo ni 999 au 112. Na mtuhumiwa akivuka mpaka, wajomba wasiende kumvuta; polisi wa huku wawasiliane na wenzao wa kule, la sivyo mtajikuta ninyi ndio mnaoshtakiwa.

Sasa lile litakalokuchosha. Jioni ya siku ile ile, wazee wataketi. Watakuja na mbuzi, na ahadi ya karo, pengine na ahadi ya ndoa. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuandika mapatano na kuyagonga muhuri, na muhuri huo utawatuliza watu. Mahakama ya LC haina uwezo wowote juu ya kosa hili. Karatasi hiyo haifuti kesi. Lakini usiwatukane wazee. Chunguza kwanza nani anamlisha nani. Mama anayesita mara nyingi hasiti kwa kukosa upendo: mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, na akifungwa watalala nje. Ukimjibu mama huyo kwa vifungu vya sheria, amekwisha kukupotea. Mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti, au kwa afisa wa probesheni wilayani, yule wa ustawi wa watoto, azungumze habari ya chakula na mahali pa kulala. Afisa wa probesheni ndiye pia anayeweza kwenda mahakama ya familia na watoto kuomba mtoto awekwe mahali salama, na kwa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi inayomtenga mkosaji na nyumba. Kwa wakili bila malipo, jaribu FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, au Justice Centres Uganda. MIFUMI, shirika linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, wapo Tororo, si mbali nawe.

Waeleze mapema na habari ya dhamana, kabla haijawashtua. Mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa kosa la Mahakama Kuu, zikipita siku 180 rumande kabla hajapelekwa huko kwa kesi kusikilizwa, ana haki ya kuachiwa kwa dhamana. Siku wakimwona sokoni watasema polisi wamekula pesa na wataacha kuja. Kesi bado ipo. Kama anamtishia mtoto, ripotini vitisho hivyo kwa mpelelezi, kwa CRB ile ile.

Baada ya wiki ya kwanza kila mtu huondoka, na hapo ndipo mtoto anapozama. PEP humletea kichefuchefu, na wengi huiacha siku ya nne au ya tano. Ale kwanza, ameze saa ile ile kila siku, na kama nyumbani hakuna wa kumkumbusha, amezee shuleni ofisini kwako. Kipimo cha VVU kirudiwe kwenye wiki ya 6 na tena miezi 3. Asipoona siku zake, apimwe mimba. Mruhusu akae karibu na mlango darasani kama anataka, na usimpe kazi za huruma mbele ya wenzake. Akisema anatamani asingekuwepo, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa za shamba na za mifugo zifungiwe mbali naye, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali. Huku Mbale hospitali ya rufaa ina kitengo cha afya ya akili.

Wiki hii, kabla hajaja mtoto yeyote, pita dawati la watoto na familia ujitambulishe, chukua jina na simu ya askari wa hapo, ya afisa wa probesheni, na ya mkunga mmoja wa zamu. Weka bahasha kubwa za karatasi na nauli ya boda ya kwenda na kurudi kwenye droo yenye ufunguo. Ukishapata majina hayo nitumie, nikuambie nani kati yao nimeshafanya naye kazi.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ndugu yako,
Mwajuma