Gofu lina mwenyewe, atafutwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya nyumba zilizotelekezwa na viwanja vilivyogeuka majalala. Kila inapotangazwa operesheni ya usafi, naona wanaoandamwa ni wale wale walio karibu na mkono wa askari: mpangaji, jirani, mpita njia. Mwenye gofu haulizwi.

Nyuma ya ninapoishi ipo nyumba ambayo mwenyewe alihama akaiacha na kufuli. Kufuli ndilo lililotangulia kuondoka. Ukafuata mlango wa nyuma, nyaya, mabomba, kisha usiku mmoja zikang'olewa fremu za madirisha. Wiki hiyo hiyo ukatupwa ndani mfuko wa kwanza wa taka. Ofisi inayohusika ilituma mtu akabandika notisi kwenye mlango wa mbele. Mlango ukaibwa na notisi yake.

Hayo madirisha ndiyo yaliyonifungua macho. Philadelphia, Marekani, mwaka 2011 walianza kuwabana wamiliki wa nyumba tupu waweke milango na madirisha ya kweli, si kupigilia mbao. Faini ilikuwa dola 300 kwa siku, tena kwa kila tundu lililo wazi. Kwa tundu, si kwa nyumba! Mwenye madirisha kumi apige hesabu mwenyewe. Watafiti waliofuatilia walikuta visa vya watu kushambuliwa vimepungua kuzunguka majengo yaliyotengenezwa.

Mji huo huo ulifanyiwa jaribio kwenye viwanja vitupu 541, vikagawanywa kwa kubahatisha. Vingine viliondolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao, vingine viliokotwa taka na kufyekwa tu, vilivyobaki havikuguswa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kwa waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa nyasi, hali ya kujisikia wenye huzuni na kukata tamaa ilipungua kwa asilimia 41.5 ukilinganisha na palipoachwa. Palipookotwa taka tu, hapakuwa na tofauti ya maana. Nawaomba wapenda kampeni za siku moja, za mafagio mapya na kamera, waisome tena sentensi hiyo. Uzio wenyewe mtu mzima anauruka bila kukunja suruali. Haumzuii yeyote kuingia, ila anayekuja na mkokoteni wa kifusi anajua kwamba hapa pana mtu.

Kubomoa kwa tingatinga sikukatai. Detroit, huko huko Marekani, mwaka 2014 walihesabu majengo na viwanja 84,641 vilivyochakaa au vilivyoelekea huko, na kwa idadi hiyo huwezi kwenda dirisha kwa dirisha. Lakini penye magofu kumi na mawili, kubomoa kunatuachia viwanja kumi na viwili vya kutupia taka.

Linalonitisha zaidi ni sheria za kero, zile zinazoiadhibu nyumba inayoitiwa polisi mara kwa mara, zinapomgeukia anayeonewa. Norristown, mji wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, polisi wakiitwa mara tatu kwa fujo ndani ya miezi minne, mwenye nyumba aliweza kunyang'anywa leseni ya kupangisha asipomwondoa mpangaji. Mama mmoja aliyekuwa akipigwa na mpenzi wake wa zamani akaogopa kuita polisi. Mwaka 2012 alichomwa kitu chenye ncha shingoni, naye bado akamsihi jirani asipige simu. Jirani akapiga. Mama alipotoka hospitali, mji ukataka ahamishwe. Kesi ilipofunguliwa sheria ikafutwa, na mwaka 2014 mji ukakubali kumlipa. Huo ndio mwisho wa kuhesabu simu badala ya kuuliza nani anafanya fujo.

Najua nitaambiwa wamiliki hawapatikani: wengine wamekufa, warithi wanagombana, wengine wako ng'ambo. Kweli. Ndiyo maana nyumba ikikaa tupu iandikishwe, na jina la mtu wa kuwajibika liwepo kwenye daftari tangu mwanzo, wakati kufuli bado lipo mlangoni. Faini asiyolipa iandikwe kwenye hati ya jengo, imngoje siku atakapotaka kuuza.

Kuhusu hii ya hapa nyuma, nilikwenda ofisini kuuliza ni ya nani. Nikaambiwa nirudi na jina la mmiliki, ndipo faili litafutwe.

Msomaji wako wa siku nyingi