Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tuliyojifunza kwa Beki P.K. Subban

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na vijana wetu mliofika moja kwa moja kutoka mazoezini,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ni wajibu wangu kuwasilisha mbele ya mkutano huu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina baada yangu, na orodha ya vifaa vya kuazima iko mezani kwa katibu, hivyo sitarudia mambo hayo. Naomba muda wenu kwa jambo moja ambalo limeichukua kamati karibu mwaka mzima, na ambalo limenifanya mimi mwenyewe nibadili msimamo niliousimamia mbele yenu katika mkutano uliopita.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano ule kamati ilipendekeza fedha za kusaidia ada za watoto wa hoki ya barafuni zitolewe kwanza kwa wale waliokwisha kuchaguliwa na timu za daraja la juu, na wengine wangoje kitakachobaki. Mimi ndiye niliyelitetea pendekezo hilo. Mama mmoja alisimama akauliza ni nani kati yetu, sisi tuliotoka Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu na Bujumbura na kuiona barafu kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, anayejua kumpima mtoto wa miaka kumi na kusema huyu atafika na huyu hatafika. Hakupata jibu, na pendekezo likaahirishwa. Ili tulitafute jibu kwa uaminifu, kamati iliamua kwamba vikao vyetu vya jioni mwaka huu vitumike kusoma kwa pamoja maisha ya mchezaji mmoja aliyelelewa katika jiji letu hili la Toronto, na wazazi waliohamia Kanada kama sisi. Vijana ndio waliomchagua Pernell Karl Subban, anayejulikana kwa herufi zake mbili, P.K.

Tulianza na baba yake, na sijutii kwamba tulikaa kwake muda mrefu kuliko tulivyopanga. Karl Subban aliletwa Kanada kutoka Jamaika mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 12, na familia ikafikia Sudbury, mji wa machimbo ya nikeli kaskazini mwa Ontario, ambako majira ya baridi ni marefu na makali. Mtaa wao ulikuwa na familia nyingi zinazozungumza Kifaransa, na watoto wa mtaa huo walikuwa mashabiki wa Montreal Canadiens, timu ya hoki ya jiji la Montreal. Kijana huyo mgeni alikaa golini katika mechi za barabarani na kujiita Ken Dryden, kipa mashuhuri wa Canadiens wa enzi hizo. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Lakehead huko Thunder Bay, akacheza mpira wa kikapu, kisha akaingia katika ualimu na kufikia cheo cha mkuu wa shule katika eneo la Jane na Finch hapa Toronto, ambalo wengi wenu mnalijua kwa sababu mnaishi huko au mliwahi kuishi. Mkewe, Maria, alitoka kisiwa cha Montserrat. Katika nyumba yao walilea watoto watano, wasichana wawili na wavulana watatu.

P.K. alizaliwa Toronto tarehe 13 Mei 1989, na alivalishwa viatu vya barafu akiwa na miaka miwili na nusu. Habari iliyowagusa wanachama kuliko zote ni ya usiku wa majira ya baridi alipokuwa bado shule ya chekechea. Baba yake alikuwa akifundisha mchana na tena akihudumu katika shule ya jioni, akirudi nyumbani usiku. Saa hizo alimwamsha mtoto, akampeleka katika uwanja wa barafu wa Nathan Phillips Square, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji, ambako kuteleza ni bure, wakabaki huko mpaka usiku wa manane umepita. Njiani kurudi walinunua kipande cha piza. Kwa kuwa darasa la chekechea lilianza mchana, mtoto aliweza kulala asubuhi. Baadaye Karl alitengeneza uwanja mdogo wa barafu nyuma ya nyumba kwa ajili ya wanawe.

Nawaomba mlitazame jambo hilo kwa makini. Mzazi huyu hakuwa na nafasi mchana, na saa za uwanja wa ndani ni ghali, basi akaitafuta saa ambayo haina mwenyewe. Wapo kati yetu madereva wa teksi na wauguzi wa zamu ya usiku ambao wamekuwa wakiona aibu kuniambia kwamba hawawezi kumleta mtoto saa kumi na moja jioni. Baada ya kikao kile aibu hiyo ilipungua, na wazazi wanne walikuja kupanga zamu ya kupeleka watoto wa wenzao Nathan Phillips Square siku za Ijumaa usiku. Utaratibu huo ulidumu msimu wote, na katika kazi zote za mwaka huu ndio ninaouthamini zaidi.

Kikao cha pili kilihusu kazi ya beki yenyewe, kwa kuwa wazazi wengi, nami nikiwemo, tulikuwa tunatazama tu kisahani cheusi kinachochezewa kinakokwenda. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, una urefu wa takribani mita 61 na upana wa mita 26, na kila timu huwa na mabeki wawili kwa wakati mmoja, wanaoingia kwa jozi na kutoka kupumzika kabla hata dakika moja haijatimia. Mshambuliaji huteleza akiangalia anakokwenda, lakini beki hulazimika kuteleza kinyumenyume kwa kasi ileile, uso ukimwelekea mpinzani, huku akikadiria pasi itapita wapi. Akikosea mshambuliaji, nyuma yake kuna watu wa kumsitiri. Akikosea beki, nyuma yake kuna kipa tu. Kwa sababu hiyo macho na uamuzi wa beki hukomaa polepole, na makosa ya mtoto anayejifunza nafasi hiyo huonekana na kila mtu aliyekaa jukwaani. Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka pendekezo langu.

Rekodi ya P.K. ndiyo iliyonifanya niliache kabisa pendekezo hilo. Mwaka 2005, timu za vijana za ligi ya Ontario zilipokuwa zinachagua wachezaji, majina 104 yalitajwa kabla ya lake, na Belleville Bulls wakamchukua katika duru ya sita. Kama kamati yenu ingekuwa inagawa fedha mwaka ule kwa kanuni niliyoitetea, kijana huyo asingepata hata senti. Msimu wake wa kwanza Belleville alipata alama 12, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, na msimu uliofuata akapata 56. Mwaka 2007, katika uteuzi wa NHL uliofanyika Columbus, Canadiens waliokuwa timu ya moyo wa baba yake walimchagua katika duru ya pili, akiwa wa 43. Hata hapo hakuwa beki wa kwanza kwao, kwani siku iliyotangulia walikuwa wamemchukua Ryan McDonagh katika nafasi ya 12.

Walimrudisha Belleville akaendelee kukua. Mwanzoni mwa 2008 alikuwa katika kikosi cha vijana cha Kanada kilichotwaa ubingwa wa dunia nchini Cheki, lakini alicheza dakika chache. Mwaka mmoja baadaye, mashindano yalipofanyika Ottawa, alikuwa nguzo ya timu: alama 9 katika mechi 6, dhahabu ya pili, na nafasi katika kikosi bora cha mashindano. Msimu huo wa 2008–09 aliumaliza Belleville kwa alama 76, idadi kubwa kwa beki. Msimu wa 2009–10 alipelekwa Hamilton Bulldogs, timu iliyokuwa inawaandaa wachezaji wa Montreal, akacheza mechi 77 na kufunga mabao 18.

Tarehe 12 Februari 2010 aliitwa kwa mara ya kwanza kuichezea Canadiens, ugenini Philadelphia, akatoa pasi ya bao. Baada ya mechi mbili akarudishwa Hamilton. Aliitwa tena mwishoni mwa Aprili, katika mechi ya sita ya duru ya kwanza ya mtoano dhidi ya Washington, wakati ambapo kushindwa kungekuwa mwisho wa msimu. Montreal walishinda mechi hiyo na ile ya saba, kisha wakawatoa Pittsburgh waliokuwa mabingwa watetezi, na kijana aliyeitwa akiwa hajatimiza miaka 21 akacheza mechi 14 za mtoano mfululizo, hasa baada ya beki mkongwe Andrei Markov kuumia.

Msimu wa kwanza kamili, 2010–11, haukuwa wa kupendeza kila siku. Furaha yake uwanjani ilionwa na baadhi ya watu kuwa ni majivuno, nahodha wa timu pinzani akamlaumu hadharani kwamba hana heshima, na mwezi Desemba kocha wake akamweka nje kwa mechi kadhaa akiwa mzima wa afya. Tarehe 20 Machi 2011 alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Minnesota Wild, jambo ambalo hakuna beki wa msimu wa kwanza aliyewahi kulifanya katika historia ndefu ya Canadiens. Kijana wetu mmoja, ambaye naye amekalishwa benchi mwaka huu, aliomba ukurasa huo usomwe mara mbili, nasi tukausoma.

Msimu wa 2012–13 ulipofupishwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, P.K. alikuwa na mazungumzo yake mwenyewe ya mkataba, akachelewa kuanza na kusaini wa miaka miwili mwishoni mwa Januari. Alicheza mechi 42, akapata alama 38, na akapewa tuzo ya Norris, anayopewa beki bora wa NHL kila mwaka tangu 1954. Alikuwa na umri wa miaka 24. Miaka minane kabla yake, timu za Ontario zilikuwa zimempita mara 104.

Siwezi kuyaacha matusi, maana watoto wetu wenyewe ndio walioyaleta mezani. Tarehe 1 Mei 2014 P.K. alifunga mabao mawili ugenini Boston, la pili likiwa la ushindi katika muda wa nyongeza wa pili, na usiku huohuo mitandao ikajaa maneno ya kibaguzi dhidi yake. Uongozi wa Boston uliyalaani. Yeye alizungumza kwa utulivu, akakataa kuwahukumu mashabiki wote kwa maneno ya wachache, na kuendelea kucheza mpaka Montreal waliposhinda mfululizo ule wa mechi saba. Miaka 56 iliyotangulia, tarehe 18 Januari 1958, Willie O'Ree alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, naye alikuwa amevaa jezi ya Boston katika uwanja wa Montreal. Watoto wetu wawili wametukanwa uwanjani msimu huu. Kamati iliandika barua mara zote mbili, ikapata jibu la maana mara moja, na suala la pili bado tunalifuatilia. Mzazi yeyote ambaye mtoto wake amefikwa na jambo kama hilo asilinyamazie, alilete kwa katibu siku hiyohiyo.

Tuliishia mwaka 2015, ambapo P.K. aliahidi kuchangisha dola milioni 10 katika miaka saba kwa hospitali ya watoto ya Montreal. Tulifunga hapo kwa sababu ya muda tu, maana vijana walitaka kuendelea na miaka yake ya Nashville na New Jersey mpaka alipostaafu mwaka 2022. Pia wameomba tusome habari za wadogo zake, Malcolm aliyekuwa kipa na Jordan, ambao nao walipitia Belleville na kuchaguliwa na timu za NHL.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kwa niaba ya kamati naliondoa rasmi pendekezo la mwaka jana. Sijasahau kwamba watoto wengi wa chama hiki hawatafika NHL, na hatukukianzisha kwa lengo hilo. Lakini kanuni inayomnyima msaada mtoto kwa sababu hakuchaguliwa mapema ingemnyima msaada beki huyu, na sina ujasiri wa kuisimamia tena. Badala yake tunaleta mambo mawili. La kwanza ni kwamba msaada wa ada ugawiwe kwa kuangalia mahudhurio ya mtoto na hali ya familia, bila kuuliza yuko daraja gani. La pili ni kwamba sehemu ya michango ya mwaka ujao ikodi saa ya uwanja wa ndani baada ya saa nne usiku, wakati bei inaposhuka, ili wazazi wa zamu wapate kuwaleta watoto wao, na saa hiyo itengwe kwa ajili ya watoto wanaojifunza ubeki.

Yule mama aliyeniuliza swali mwaka jana yuko nasi leo. Nimemwomba awe wa kwanza kuyachangia mapendekezo haya kabla hayajapigiwa kura, naye amekubali. Karibu mama.