Baiskeli ya mizigo ipimwe kwa gurudumu la nyuma, si kwa ukubwa wa kapu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie baiskeli ya mizigo, ile inayotumwa kila siku kuchota maji, kubadilisha mtungi wa gesi, kubeba gunia au kufikisha bidhaa kwa mteja. Wengi huinunua kwa kutazama tu kapu au sanduku lake lilivyo kubwa. Miezi michache baadaye spoki zinakatika, ringi inapinda, na lawama zote anatupiwa mzigo. Sisi mafundi tunajua kwamba mzigo unasingiziwa. Kilo 50 zilizokaa pazuri juu ya gurudumu lililokazwa sawasawa hufika salama, na kilo 25 zilizorundikwa juu na nyuma huweza kumwangusha mtu.

Nianze na mahali mzigo unapokaa. Kwenye baiskeli ya kawaida, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 110. Gunia la kilo 50 likilazwa kwenye keria, na katikati yake pakawa sentimita 20 nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupunguziwa takriban kilo 9, na kilo hizo zinahamia nyuma juu ya zile 50. Hapo ndipo usukani unapokuwa mwepesi na kuchezacheza, na kwenye mlima gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Lisogeze gunia hilohilo mbele mpaka liguse siti, utaona baiskeli inavyotulia. Baiskeli zenye mkia mrefu zimeundwa kwa sababu hiyo: gurudumu la nyuma limerudishwa sentimita 30 hadi 40, ili mzigo ukae katikati ya ekseli mbili. Zile zenye sanduku mbele, zilizozoeleka Denmark na Uholanzi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, huubeba mzigo chini kabisa, nyuma ya gurudumu dogo la inchi 20. Ni nzuri sana, ila fimbo yao ndefu ya usukani ina viungo viwili vinavyolegea. Mwenzako abane gurudumu la mbele kwa magoti, wewe tikisa usukani taratibu; kukiwa na mchezo wowote kabla gurudumu halijavutika, kiungo kikazwe au kibadilishwe siku hiyohiyo. Za magurudumu matatu haziangui mtu zikisimama, lakini hupinduka kwenye kona ikikatwa kwa kasi, hasa zikiwa tupu.

Kizito kikae chini, na pande mbili zilingane. Madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, usawa wa ekseli, ni kilo 40 ambazo mwendeshaji hazihisi sana akishaanza kwenda. Dumu lijazwe hadi shingoni au lisibebwe. Likiwa nusu, maji hukimbilia mbele unapofunga breki na hukimbilia pembeni unapokata kona, na mvuto huo huja nusu sekunde baada ya wewe kudhani umeshamaliza kugeuka. Mtungi wa gesi usimame wima, kamba ipite chini na shingoni.

Sasa gurudumu la nyuma, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Gurudumu la inchi 26 huzunguka karibu mara 480 kwa kilomita moja. Kila mzunguko, spoki inapofika chini hulegezewa kidogo na uzito, kisha hukazwa tena ikipanda. Kwa safari ya kilomita 10 kila spoki imelegea na kukaza karibu mara 5,000. Ikiwa ilikazwa vya kutosha tangu mwanzo, haiachii kabisa, na hudumu miaka. Ikiwa ililegea, kila ikifika chini hubaki bila mvuto, hucheza ndani ya tundu la habu (kitovu cha gurudumu), na mwisho hukatika shingoni, pale inapojikunja kuingia kwenye habu. Kwa hiyo mara nyingi iliyokatika ni iliyolegea, wala haikukazwa kupita kiasi kama wengi wanavyodhani. Ikikatika moja, jirani zake hubeba sehemu yake, ringi huvutika upande mmoja, na ukiendelea kupakia zitafuata mbili au tatu.

Kujua hali yake hakuhitaji kifaa. Zungusha gurudumu polepole huku ukigonga spoki moja moja kwa shina la spana. Iliyo sawa hulia kwa sauti kali na ya juu, kama waya wa gitaa. Iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Sikiliza upande mmoja kwanza, kisha wa pili, kwa sababu kwenye gurudumu la nyuma upande wa mnyororo huwa umekazwa zaidi na sauti yake ni ya juu zaidi. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake wa upande wake, kaza nati yake robo mzunguko, si zaidi, kisha zungusha gurudumu uone ringi haijatoka kwenye mstari. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya kilomita 100 za kwanza, maana spoki hujipanga na kulegea. Kwa mizigo, gurudumu la nyuma liwe na spoki 36 au zaidi. Baiskeli za chuma za zamani za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, na waliozipanga hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Spoki yenye unene wa milimita 2 inatosha mizigo ya kawaida. Kwa anayebeba gunia kila siku, atafute ya milimita 2.3.

Tairi nalo liwe nene, inchi 2 kuendelea, na lijazwe kufuatana na mzigo. Kwa tairi la 26 kwa 2.0, nyuma pakiwa na mzigo weka upepo wa pauni (PSI) 50 hadi 60, mbele 35 hadi 40, bila kuvuka namba iliyoandikwa ubavuni. Upepo ukipungua, tyubu hubanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo, ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona mawili namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba. Tafuta pampu.

Breki wengi huzikumbuka wakiwa tayari kwenye mteremko. Baiskeli, mwendeshaji na mzigo wakifika kilo 150, kuvisimamisha ni kazi mara mbili ya kusimamisha kilo 75. Na ukiongeza kasi mara mbili, kazi hiyo ni mara nne. Breki za fimbo zinazobana ringi ya chuma iliyopakwa kromu hupoteza nguvu nyingi mvua ikinyesha. Breki za ngoma ndani ya habu au za diski zinafaa zaidi, magurudumu yote mawili. Kama unatumia zinazobana ringi, usizishikilie mfululizo kwenye mteremko mrefu: ringi hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Punguza mwendo mapema ukiwa bado juu, bana, achia, badilisha mbele na nyuma.

Mlimani kuna hesabu moja inayowaokoa watu magoti. Kilo 150 kwenye mwinuko wa asilimia 5 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa zinahitaji takriban wati 120 hadi 125, nguvu ambayo mtu mzima mwenye mazoezi anaweza kuitoa. Tatizo ni gia. Meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa mwendo huo, mguu huzungusha pedali kama mara 16 tu kwa dakika, na hakuna anayeweza kukanyaga hivyo bila kusimama juu ya pedali na kuyumba. Kubadilisha ya nyuma iwe ya meno 22 husaidia. Mwenye gia nyingi atafute mbele 32 na nyuma 34. Mota ya umeme husaidia pia, lakini ile ya ndani ya habu hupata moto ikipandisha polepole kwa muda mrefu, na ile ya kwenye pedali hula mnyororo haraka.

Kupakia ni kazi ya stendi. Stendi ya mguu mmoja haifai; iwe ya miguu miwili, pana, na kwenye udongo laini iwekewe kibao chini. Kabla ya kupakia, funga mkono wa breki kwa kipande cha mpira ili gurudumu lisibingirike. Pakia kizito kwanza, ukibadilisha pande, kwa sababu wanaomaliza upande mmoja ndio wanaookota mizigo chini. Kushusha, anza na cha juu na ubadilishe pande vilevile. Gunia hujishindilia likitikiswa, kwa hiyo kamba iliyokuwa imekaza mlangoni itakuwa imelegea baada ya kilomita moja. Simama ukaze tena. Mpira wa tyubu kuukuu una sifa ya kuufuata mzigo unapojishindilia, lakini peke yake hauzuii gunia kuhama. Kamba ishike, mpira ubane. Ncha zote zifungwe, zisining'inie karibu na spoki. Na anayebeba mtoto nyuma aweke kinga pande zote mbili za gurudumu, maana mguu mdogo huingia kati ya spoki kwa sekunde moja.

Ombi langu kwa watengenezaji na wauzaji ni dogo. Ujerumani ilitoa mwaka 2020 kiwango chake mahususi cha baiskeli za mizigo, DIN 79010, lakini hata pasipo kiwango, mtu anaweza kubandika kwenye fremu namba tatu: uzito wote unaoruhusiwa pamoja na mwendeshaji, uzito wa keria, na uzito wa sehemu ya mbele. Keria nyingi za alumini zimegongwa 25 kg, maandishi madogo ambayo mnunuzi hayaoni mpaka boliti za miguu yake, zenye unene wa milimita 5 tu, zimekatika. Muuzaji akishindwa kuzitaja namba hizo, mnunuzi achukulie kwamba keria ni ya kilo 25 na apakie hivyo, mpaka fundi atakapomfungia ya chuma inayokaa juu ya ekseli yenyewe.

Wako,
Fundi baiskeli