Mdogo wangu, usikodi nyumba ya njia moja

Mdogo wangu,

Picha za ile nyumba ya Gillingham, mji wa Kent ulio nje ya London, nimezitazama, na shemeji ana haki ya kuipenda. Vyumba vitatu, bustani nyuma, na kodi ambayo ukiilinganisha na ya London unajiona umeokota dodo. Tangazo linasema London ni chini ya saa moja kwa treni. Halikudanganya. Ila treni hiyo ya kasi, ambayo nauli yake pia iko juu, inaishia St Pancras, kaskazini mwa mji, na hospitali yako iko London Bridge, ng'ambo ya mto. Treni ya Gillingham inayopita London Bridge yenyewe husimama vituo vingi na huchukua zaidi ya saa nzima. Ongeza kutembea hadi stesheni, ongeza kusubiri kwenye baridi, kisha ujiulize utaamka saa ngapi ili saa moja na nusu asubuhi uwe wodini unapokea zamu.

Nimeamua kuliandika jibu hili hadharani kwa sababu tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wauguzi wetu kuja kufanya kazi huku mwaka 2021, swali lako naulizwa na wengi: tukae wapi?

Wewe umekulia Likoni, kwa hivyo nusu ya jibu unayo. Ukisimama Likoni, kisiwa cha Mombasa unakiona pale, maji ya kuvuka tu, lakini feri ikiharibika huo ukaribu haukusaidii kitu. Vitongoji vya London viko hivyo hivyo. Mtu anayekwenda kazini kila siku aipime nyumba kwa ile siku ambayo njia imefungwa, na ahakikishe ana njia nyingine. Na njia hufungwa. Jumapili nyingi mafundi wako kwenye reli na abiria wanapakiwa mabasi. Hata Jumapili isiyo na mafundi, treni ya kwanza hutoka ikiwa imechelewa kuliko siku nyingine, na wagonjwa hawajui Jumapili. Siku ya Krismasi treni zote na mabasi yote ya London husimama kutwa. Wewe ni Muislamu, wenzako watakuomba uwashikie zamu ya siku hiyo ili nao wakushikie Idi, na utakubali. Ukiwa Gillingham utafikaje? Ukiwa karibu, teksi ya kuchangiana na muuguzi mwenzako inalipika.

Kwa hivyo anza na kazi, halafu ufuate reli kutoka hapo kwenda nje. London haina stesheni kuu moja. Treni za magharibi huingilia Paddington, za kusini-magharibi Waterloo, za mashariki Liverpool Street, na London Bridge ni mlango wa kusini na kusini-mashariki. Mtu wa London Bridge akipanga Watford, upande wa kaskazini, kwa sababu binamu yake yuko Watford, atavuka mji mzima asubuhi na jioni. Binamu atamtembelea Jumamosi.

Ukinisikiliza mimi, tafuta Woolwich au Plumstead, mitaa ya kusini-mashariki mwa London. Yote iko zoni ya 4; zoni ni yale maeneo ambayo London inapangia nauli zake. Kutoka Woolwich Arsenal kuna treni za moja kwa moja hadi London Bridge. Zikigoma, pana DLR, reli ya treni nyepesi, tangu 2009, na tangu Mei 2022 pana reli ya Elizabeth, inayokatiza katikati ya mji. Vyote vikilala, basi namba 53 linatoka Plumstead, linapita Woolwich na Old Kent Road hadi Elephant and Castle, na hapo umeshakaribia kazini. Hapo una njia nne, si moja. Msikiti upo, maduka ya Waafrika yapo, unga na mihogo hutavifuata mbali. Nyumba zitakuwa ndogo, hilo sikufichi, na vyumba vitatu kwa bei ya Gillingham usivitarajie.

Najua mtapiga hesabu ya kodi, na hesabu yenyewe ina mambo mawili ambayo watu huyakosa. La kwanza linaipendelea Gillingham: ile nyongeza ya mshahara ya London, asilimia 20 kwa hospitali za katikati ya mji, hufuata pahali pa kazi, haiangalii unakolala. La pili linaipunguzia. Zamu zenu ni ndefu, za muda wa saa kumi na mbili, kwa hivyo wiki nyingi utasafiri siku tatu, nyingine nne. Tiketi ya mwezi au ya mwaka ni ya mtu wa ofisini. Wewe ukiinunua unalipia siku ambazo umelala nyumbani. Ndani ya zoni utagusa kadi ya benki kwenye mashine na kulipia safari uliyoifanya. Tena ukigusa kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli ya msongamano bado haijaanza, na jioni inakwisha saa moja, wewe unatoka saa mbili. Zamu yako yenyewe inakupa nauli nafuu, mradi ukae ndani ya zoni. Mtoto naye, akiwa chini ya miaka 11, hapandi basi la London kwa pesa.

Shule ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwa ajili yenu. Anayekuja katikati ya mwaka huanza kwa kuuliza kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, jinsi ya kuomba nafasi, na shule iliyo mlangoni pako inaweza kuwa imejaa. Kabla ya kushika nyumba, ipigie kaunsili ya Greenwich uulize ni shule zipi zina nafasi kwenye darasa la umri wake. Uliza pia kama shule ina kilabu cha asubuhi, maana siku ambazo wewe na shemeji wote mna zamu, mtoto lazima awe na pa kukaa kabla ya kengele. Ukienda mbele kidogo hadi Abbey Wood, angalia anwani vizuri: stesheni iko mpakani mwa Greenwich na Bexley, na kuvuka mtaa kunabadilisha kaunsili, ushuru unaoilipa kaunsili na utaratibu wa shule za sekondari.

Dipoziti kisheria haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kiwango chenu, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango rasmi wa kulinda dipoziti ndani ya siku 30. Usitume hata senti kabla nyumba haijaingiwa na mtu unayemjua. Nitumie anwani, nitakwenda mimi, jioni ya siku ya kazi giza likishaingia, nishuke stesheni na kutembea hadi mlangoni kama utakavyotembea wewe ukitoka zamu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya chanjo viweke kwenye mkoba wa mkononi.

Dada yako