Mliwaonjesha wageni ulanzi wa Septemba

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya Jumamosi iliyopita juu ya vyakula vya Kitanzania vinavyowashinda wageni, ile iliyopambwa na picha ya kijana wa Kizungu aliyekunja uso mbele ya bakuli la mlenda. Nimelisoma gazeti hili tangu nilipokuwa nafundisha, na hata lilipokosea majina ya wilaya zetu nilinyamaza, kwa kuwa hakuna mwandishi asiyeteleza. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu hakuteleza, alikusudia kuchekesha, na alichokitumia kuchekeshea ni chakula ambacho wengi wetu tukikikosa kwa muda mrefu hujihisi kama tumelala njaa hata kama tumeshiba.

Sina ugomvi na wageni. Mtu ambaye hakulelewa kwa mlenda ana haki ya kushtuka anapoona tonge limefika mdomoni na uzi bado uko bakulini. Ugomvi wangu ni na aliyewaandalia. Makala yenyewe inaeleza, bila haya, kwamba ulanzi ulionjwa mwezi wa Septemba, jijini Dar es Salaam, ukimiminwa kutoka kwenye dumu la plastiki. Mtu yeyote wa Iringa akifika kwenye sentensi hiyo anaweza kulikunja gazeti. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga, na mwanzi huo hugemwa wakati wa mvua: mgema hukata ncha ya chipukizi, akaifunga mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu, kisha akarudi asubuhi na jioni kuipunguza tena ncha ile kwa kisu kikali ili utomvu usikauke. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, na hata bibi zetu wasiogusa pombe huunywa. Ukilala unachachuka na kuwa mkangafu, ambao una wapenzi wake na saa zake. Mvua zikiisha, chipukizi hukomaa na mgema hutundika kisu. Ule wa Septemba ulitoka wapi, kama si maji na sukari vilivyochachushwa kwa masalia? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wa kwenu hata kusifiwa hakungoja.

Mlenda nao, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, ulipikwa asubuhi, ukapashwa moto mchana na kuliwa kwa uma. Kwa uma, Ndugu Mhariri! Mboga iliyotiwa magadi na karanga, ambayo hupekechwa kwa upekecho na kuliwa ikiwa bado inatoa mvuke, ilingojeshwa mpaka ikapoteza harufu yake yote nzuri, halafu ikachokolewa kwa chombo ambacho hakiwezi kuishika. Baada ya hapo tukaambiwa kwamba wageni hawaupendi mlenda.

Hao wageni nao wana vya kwao. Waswidi huvundika samaki wadogo wa Bahari ya Baltiki mpaka makopo yakavimba, nao hula kwa furaha. Watu wa Iceland huacha nyama ya papa ichache, kisha huitundika kwa miezi kadhaa kabla ya kuila. Waaustralia, tangu mwaka 1923, hupaka juu ya mkate dawa nyeusi yenye chumvi kali iitwayo Vegemite, ambayo asili yake ni hamira iliyobaki kwenye utengenezaji wa bia. Mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu alinipa, nikala, nikashukuru, na wala sikupiga picha. Hata jirani zetu wa Zambia wana chikanda, kinachopikwa kwa viazi vya maua ya okidi vilivyotwangwa, karanga na magadi, na viazi hivyo vimechimbwa huku kwetu Makete na kuvushwa Tunduma kwa wingi kiasi kwamba kuzinusuru okidi ilikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Wenzetu wanakipenda chakula chao mpaka sisi tumelazimika kuweka askari.

Madhara ya makala za namna hii nimeyaona kwa macho yangu. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya wastaafu katika hoteli moja mjini Iringa, yenye mbeta iliyochorwa vizuri sana kwenye kibao cha nje. Wakati wa chakula cha mchana nilimwomba binti aliyekuwa akihudumia aniletee ugali na mlenda. Alinisalimia kwa adabu, akanitazama kwa huruma, akasema, “Mzee, hicho huwa hatupiki, wageni hawakipendi.” Niligeuka kuutazama ukumbi. Walikuwepo walimu wa Kilolo, mabwana shamba wa Mufindi na wauguzi wa Njombe, na mtu pekee aliyestahili kuitwa mgeni alikuwa dereva kutoka Morogoro, ambaye naye alikuwa akiulizia ugali. Nikamuuliza binti, “Wageni gani, mwanangu?” Akacheka tu, akaenda kuniletea chipsi. Zilikuwa ndefu, zimelingana kama penseli mpya, na hazikuwa na ladha yoyote ya kiazi. Nilipodadisi, nikaambiwa kwa fahari kwamba huletwa zikiwa zimegandishwa, kutoka nje ya nchi. Mkoa wa jirani ni Njombe! Wakulima wake wanauza viazi kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu na bei ni ya gunia la kawaida, na wanaolalamika wanajibiwa kwamba soko ni dogo. Soko litakuwaje kubwa, ikiwa hoteli ya Iringa inanunua kiazi kilichopanda meli?

Napendekeza hivi. Mtumeni mwandishi yuleyule huku Ilula mwezi wa Machi, bila kamera. Alale, alfajiri amfuate mgema ndani ya mianzi iliyolowa, anywe mtogwa kutoka kwenye mbeta iliyofunguliwa mbele yake, na mchana ale mlenda wa saa ileile kwa mkono, bakuli moja na wenyeji. Asiruhusiwe kuandika neno mpaka aombe kuongezwa. Hoteli niliyoitaja nayo ichague moja: ipike mlenda walau kila Alhamisi, au ifute ile mbeta kwenye kibao.

Nauli ya kurudi nitamlipia mimi. Ya kuja ni juu yenu.

Mwalimu mstaafu,
Ilula, Kilolo